Laini Moja Begani

Pale kwetu Landless, hapa Thika, ukitaka siri yako ifike Makongeni kabla ya chai ya saa nne, usihangaike na simu. Mpelekee Eddie shati alipige pasi, kisha ukae kwenye benchi umngoje.

Benchi yenyewe ni ubao juu ya matofali, mbele ya mlango wake, na ndilo shirika pekee la habari ninaloliamini. Wanachama wa kudumu ni watatu. Kuna mimi, Mama Simeon, ninayekaa mlango wa pili na ambaye sipendi maneno. Kuna Benta, ambaye jioni hukaanga samaki pale kona na mchana hukaanga watu. Na kuna Mzee Githinji, aliyelinda geti la kiwanda mpaka akastaafu, na sasa analinda benchi isije ikaibiwa na mtu anayefanya kazi. Hatulipwi. Tunaitumikia jamii.

Eddie ni mtoto wa Ngoliba, kule chini ambako mvua huja kama mgeni aliyekosea nyumba. Alipanda hadi Thika kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa, na badala ya kurudi kwa mama yake kulima ndengu akanunua pasi. Chumba chake ni kimoja. Pazia linakigawa: nyuma ya pazia ni kitanda, mbele ya pazia ni kampuni. Kampuni ni meza iliyotandikwa blanketi na shuka nyeupe, pasi ya stima, pasi ya makaa ya siku ambazo tokeni za stima zimeisha, na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: PASI SAFI KWA EDDIE.

Mwanzoni wanaume wa ploti walimcheka sana. Mwanaume mzima, mikono kama ya fundi wa mawe, anapiga pasi blauzi. Wakamcheka wiki nzima, na Jumamosi wakamletea mashati ya kanisa huku wakiangalia kando, kama watu wanaonunua dawa ya minyoo. Sasa hakuna harusi, mazishi wala mahojiano ya kazi yanayotoka Landless bila kupita kwenye meza ile. Suruali ya sufu anaiwekea kitambaa chenye unyevu juu ili isianze kung'aa matako. Nguo nyeusi anaigeuza ndani nje. Hata Falguni, mama wa Kihindi wa Section Nine, humtumia sari zake, zile za mita zisizoisha, na Eddie huzinyoosha akirudi kinyumenyume chumbani kama mtu anayepima shamba. Laini yake ya suruali, ule mstari wa pasi, unaweza kuikatia kitunguu.

Lakini tunalompendea zaidi ni jambo moja: mikono ikiwa kwenye pasi, hawezi kushika simu. Kwa hivyo simu zake zote huzungumzwa kwa spika. Amri ya Mungu ya kutosengenya haikusema chochote kuhusu mtu aliyekaa kimya kwenye benchi na spika ikamkuta hapo.

Ndivyo tulivyomjua Ngendo, kwa sauti kabla ya sura. Ngendo anauza dawa kwenye duka moja mjini, na alianza kwa kuleta koti lake jeupe la kazi. Akalileta tena. Akalileta lingine ambalo halikuwa hata limechafuka. Benta akasema hakuna koti duniani linalokunjamana namna hiyo kama mwenyewe hajalikalia makusudi. Basi wakapendana, miaka ikaenda, na sisi benchi tukaulea uhusiano ule kwa ushauri mwingi ambao hatukuombwa.

Jambo moja ni lazima mlijue kuhusu Ngendo, kwa sababu ndilo lililoleta haya yote. Akikasirika, hapigi kelele. Hatupi sahani, hampigii mama yake, haandiki mafumbo kwenye simu. Anasema "Sawa," kisha anatulia. Siku moja Eddie aliahidi kumfuata kanisani kwao Mwihoko, upande wa Ruiru, akasahau kwa ajili ya suti ya mtu. Mchana Ngendo akaja. Akaketi kwenye benchi katikati yetu, mgongo wima, kama kola iliyotiwa stachi. Benta akamtolea kichekesho chake bora, kile cha pasta wa kanisa na bata mzinga, ambacho kimewahi kumvunja mbavu hata daktari wa meno. Jicho la Ngendo halikupepesa. Githinji akamsalimia akajibiwa "Sawa." Nikampa chai ikapoa mkononi mwake. Sisi tumezoea ndoa ambazo masufuria yanaruka, lakini siku ile sote tulimwogopa. Ilichukua muda mrefu ule utulivu kumtoka, na ulipomtoka alicheka kichekesho cha pasta na bata mzinga peke yake, akiwa anakunywa soda, bila kutuonya.

Sasa, Ngendo hana baba. Baba yake alifariki zamani, na nyumba yao inasemewa na dada ya baba, Tata Kui. Tata Kui ana vyumba vya kupangisha Mwihoko, na juu ya kila kitu ana maoni, moja kwa kila chumba. Alipoambiwa mpenzi wa Ngendo ana biashara, aliuliza biashara gani. Akaambiwa pasi. Akauliza anapiga pasi nguo za nani. Akaambiwa za watu. Akauliza hao watu hawana wake. Mwisho akauliza kama kuna uwezekano Ngendo amwangalie tena yule mwalimu wa Juja.

Hata hivyo wazee walikutana, chai ikanywewa, na siku ya ruracio ikapangwa, siku ya kupeleka mahari Mwihoko. Sisi benchi tukaingia kazini. Benta akachukua kitengo cha nyimbo, ingawa yeye ni mtu wa Homa Bay na Kikuyu anachokijua ni cha kununua viazi. Githinji akateuliwa msemaji wa upande wetu kwa kuwa ana fimbo. Mimi nikachukua usimamizi wa kila kitu kingine.

Wiki ya mwisho, mtu wa boda akaleta gunia kutoka Mwihoko. Ndani yake mlikuwa na leso, zote sare, nyekundu na nyeupe, mpya, zikinuka duka. Na ujumbe kutoka kwa Tata Kui ukaja kwa simu, kwa spika, mbele ya benchi kamili. Alisema hizi ni leso za wasichana watakaofunikwa. Kwa kuwa bwana harusi anajulikana kwa pasi, hakuona haja ya kuwasumbua watu wengine. Azinyooshe yeye. Bure, bila shaka, kwani ni nguo za nyumbani kwake, ama si ndivyo anavyotaka pawe? Akamtakia kazi njema na akakata.

Benta alisema hilo lilikuwa tusi. Nikamwambia kwamba tusi lililofungwa vizuri hivyo ni zawadi. Eddie alichukua leso ya kwanza, akainyunyizia maji, akaanza.

Kwa wasiojua mambo ya ruracio: siku ile, bibi harusi hafunuliwi hivihivi. Wanamchanganya na wasichana wengine, wanawafunika wote kwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, hata miguu wanaivisha soksi, kisha wanamwambia kijana, haya, tuonyeshe wako ni yupi. Akikosea anapigwa faini na anachekwa. Faini huisha. Kicheko ndicho hakiishi.

Githinji, kwa nia ya kumtuliza kijana, akamhadithia ya kwake. Alisema yeye alishika mkono wa shemeji yake. Alitoa faini ya mbuzi, akachagua tena, akaoa, akazaa, akasomesha. Na marehemu mkewe, kila walipogombana juu ya jambo lolote, hata kama ni chumvi, alikuwa anamwambia aende akapikiwe na yule aliyemchagua kwanza. Miaka yote ile. Hata hospitalini.

Eddie akaiweka pasi kando. Akauliza kama kweli mtu anaweza kumkosa mwanamke wake mwenyewe kwa sababu ya kitambaa. Githinji akamjibu kwamba kitambaa ni kitambaa lakini wanawake wakiimba na kuzunguka hapo mbele yako, hata mama yako utamkosa. Eddie akasema kama akikosea mbele ya Tata Kui, basi. Kwa mama huyo hakuna kuchagua tena kwa amani, atasema kijana wa pasi hamjui hata mtu anayetaka kumwoa, na yule mwalimu wa Juja atapigiwa simu kabla mbuzi hawajateremshwa kwenye gari.

Ni hapo ndipo wazo la alama lilipotoka. Benta anasema ni mimi niliyelitoa. Mimi nasema ni Benta. Githinji anasema alikuwa amesinzia. Huyo mzee hushikwa na usingizi kila jambo linapoelekea kuharibika.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Leso zote Eddie angezinyoosha ziwe bapa kama karatasi. Moja tu, angeitia laini, mshazari, pale ambapo leso inaangukia bega la kushoto. Si mkunjo wa kukunjwa mfukoni, hapana. Laini ya Eddie. Akapika uji mwepesi wa unga wa mhogo, ile stachi ya zamani aliyofunzwa na mama yake, akaupaka kwenye mstari ule na kuugandamiza kwa pasi ya makaa mpaka moshi ukatoka. Alipomaliza, leso iliweza kusimama yenyewe ikajitambulisha. Angeiweka juu ya zingine, na Ngendo angeichukua hiyo ya juu. Nani angejua?

Leso zile, kama leso zote, zilikuwa na maneno yaliyochapwa ukingoni. Tata Kui ndiye aliyeyachagua: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Eddie aliyapiga pasi maneno hayo leso baada ya leso, herufi kwa herufi, na sidhani aliyasoma hata mara moja.

Kisha akampigia Ngendo amweleze. Spika ikiwa imefunguliwa, kwa sababu mkononi kulikuwa na sari ya Falguni.

Ngendo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza polepole, "Eddie, miaka hii yote tumekaa, na unataka laini?"

Eddie akacheka kidogo. Akasema ni ya kujikinga tu. Kama tairi ya spea.

"Sawa," akasema Ngendo.

Sote tuliisikia ile sawa. Benta akaniangalia, nami nikamwangalia Githinji, ambaye macho yalikuwa wazi mno kwa mtu aliyesinzia. Tulikuwa tunazijua sawa za Ngendo. Lakini hakuna aliyefungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza benchi ile kunyamaza tangu iwekwe matofali, na siku ya kunyamazia tuliichagua vizuri sana.

Siku ikafika. Mama yake Eddie alikuja kutoka Ngoliba na shangazi wawili, gunia la ndengu na mbuzi waliokonda kwa heshima. Eddie alikuwa amempiga pasi kila mtu wa upande wetu. Fimbo ya Githinji pekee ndiyo iliyobaki na kombo. Tulipopanga mstari mbele ya geti la Tata Kui tulikuwa ujumbe ulionyooka kuliko wowote uliowahi kuingia Mwihoko, na wapangaji walitoka vyumbani kututazama kutoka kila baraza.

Geti likafungwa, kama desturi. Wanawake wa ndani wakaimba kwamba hawatujui. Sisi tukaimba kwamba tumetoka mbali na tumechoka, jambo ambalo halikuwa kweli, Thika na Mwihoko si safari. Benta aliimba kuliko wote, maneno aliyoyatunga papo hapo kwa lugha ambayo hakuna kabila linaloidai. Nafikiri walifungua ili anyamaze.

Tata Kui alitupokea mwenyewe. Mwanamke mfupi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, gauni la kitenge lililoshonwa na mtu aliyekuwa na hofu. Alituangalia mmoja mmoja, kuanzia kola mpaka pindo.

"Mmenyooka," akamwambia Githinji.

Githinji akashukuru. Masikini hakujua kwamba haikuwa sifa.

Tukaketishwa kwenye tenti. Maji yakaletwa, uji ukaletwa, maombi yakafanywa na mchungaji aliyemkumbusha Mungu historia yote ya familia ile kana kwamba alikuwa amesafiri. Tata Kui akasema anaenda jikoni kuangalia njahi, yale maharagwe meusi, kama zimeiva. Hakuna aliyeshangaa. Nani huulizia mwanamke aliyeenda jikoni?

Ndipo wakatolewa. Walitoka nyuma ya nyumba mmoja nyuma ya mwingine, wamefunikwa gubigubi, leso nyekundu na nyeupe, soksi nyeupe, wakijongea kama mahema yaliyopata miguu. Wanawake wakawaimbia, vigelegele vikapanda. Wakasimama mstari mbele ya tenti, na mshereheshaji akamwita bwana harusi aje amwokote wake.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Niliiona laini mara moja. Ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, begani, imesimama kama ukingo wa bati. Kipofu angeiona. Moyo wangu ukatulia, nikaanza kufikiria nyama.

Eddie akainuka, akaweka sawa koti, akatembea. Hakutazama kulia wala kushoto. Huyo mtu alitembea kama anayekwenda kuchukua kifurushi chake posta. Akawapita wa kwanza na wa pili. Alipompita wa tatu, huyo wa tatu akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu anayesafisha koo. Nilikisikia mimi niliyekuwa tenti. Eddie hakukisikia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho, akasimama mbele ya laini yake, akatabasamu kwa watu wote, akaishika leso kwa vidole viwiliviwili, taratibu, kwa mazoea, ili asiikunjakunje. Akaifunua.

Ndani alikuwa Tata Kui, miwani ameivaa.

"Karibu, mume wangu," akasema.

Sijui niwaelezeje kicheko kile. Mtungi wa maji ulianguka na hakuna aliyeuokota. Wapangaji kwenye baraza walishikana wasidondoke. Mchungaji aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimruka. Mama yake Eddie alikuwa amesimama, akaketi. Na Eddie alibaki ameshika leso mikononi, imeenea vizuri, bila kikunjo, isipokuwa kile kimoja.

Tata Kui hakucheka. Alisubiri watu wamalize, kama anayesubiri mpangaji atafute kodi. Kisha akasema faini itazungumzwa, lakini kwanza angependa kijana aueleze umati ni kitu gani kwake kilichompendeza hivyo, kwa sababu hata marehemu mumewe hakuwahi kumjia kwa haraka namna ile.

Mimi nilikuwa tayari nimemgeukia Benta. Nilimwuliza, meno nimeyabana, alimwambia nani. Benta akaapa kwa samaki wake wote kwamba hakumwambia mtu, kisha akaniuliza mimi nilimwambia nani. Swali hilo lilinisikitisha, kwa sababu niliowaambia hawakuzidi wale wa kawaida, na hakuna hata mmoja wao wa Mwihoko.

Githinji akasimama na fimbo. Nitamsifu siku moja, na ni siku ile. Alisema desturi inajua kwamba mtu anaweza kukosea, hata yeye alikosea. Akaomba kijana atoe faini na achague tena.

"Achague," akasema Tata Kui. "Lakini muthoni, mkwe wangu, akikosea mara ya pili, tutakula tulichopika na mtarudi na mbuzi zenu. Siwezi nikapeana msichana kwa mtu hamjui. Na hii leso nitakaa nayo."

Hapo kicheko cha upande wetu kilikwisha. Wasichana wakarudishwa ndani, wakachanganywa upya. Walipotoka, leso zote zilikuwa bapa kama karatasi, kazi safi ya Eddie mwenyewe, haina kasoro hata moja ya kumsaidia. Nilimwona akizitazama. Fundi gani amewahi kulaani ufundi wake hivyo?

Safari hii hakutembea haraka. Alianzia mwisho wa mstari. Alisimama mbele ya kila mmoja akatazama, na nilimwona akiinamisha kichwa kidogo kwenye ukingo wa leso, midomo ikitikisika. Alikuwa anasoma. Mwenye macho haambiwi tazama. Akainua kichwa, akautazama tena mstari wote, kana kwamba ndiyo kwanza umefika.

Nami nikautazama. Wasichana wale walikuwa wanakufa. Walikuwa wamemwona kijana wa watu akimfunua shangazi, na sasa wako chini ya leso, hakuna anayewaona nyuso, na kicheko kimewashika kama homa. Leso zilikuwa zinatetemeka. Mmoja alikuwa ameinama kabisa, mwingine alikuwa anajiuma kitambaa mpaka kimeingia mdomoni. Mstari mzima ulikuwa unapepea, na hapakuwa na upepo.

Isipokuwa mmoja.

Mmoja alikuwa wima. Hakutikisika, hakuegemea, hata kupumua ilikuwa lazima ubahatishe. Kama kola iliyotiwa stachi.

Benta alinibana mkono. Tuliufahamu mgongo ule, tulishakaa nao kwenye benchi na chai ikapoa. Nilitaka kumwita Eddie, lakini hakukuwa na haja. Alikuwa ameshafika. Alisimama mbele yake kwa muda, mikono chini, na safari hii hakutabasamu kwa mtu.

Alisema kitu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimesogea kidogo mbele kwa ajili ya kivuli, ndiyo maana nilisikia.

"Najua ni wewe. Na najua umekasirika."

Hema halikujibu.

Akaifunua leso. Ngendo alikuwa ndani, amepambwa vizuri sana, shanga kichwani, uso hauna hata dalili ya sherehe.

"Nilikohoa," akasema.

"Sikusikia."

"Najua. Ulikuwa unaangalia pasi yako."

"Nani alimwambia Tata?" Eddie akauliza.

"Mimi. Hiyo leso nilimvisha kwa mikono yangu. Nilitaka nijue utanitafuta mimi ama utatafuta laini."

Hapo Benta aliniachilia mkono, kwa sababu alikuwa ameubana kwa nia ya kunilaumu. Tukaangaliana kama watu wawili walionyang'anywa kesi.

Vigelegele vilikuwa vimeanza, lakini Tata Kui akainua mkono. Alisema bado kuna swali, na swali hilo ni la msichana, si la shangazi. Akamgeukia Ngendo mbele ya watu wote akamwuliza, kama inavyoulizwa, "Mwari wetu, hizi mbuzi za hawa watu tule, ama warudi nazo?"

Kwa kawaida hapo msichana hucheka, hujifunika uso, husema kuleni, na watu hukimbilia sahani. Ngendo hakujifunika uso. Alimtazama Eddie. Alimtazama kwa muda mrefu hata mpishi mmoja akatoka jikoni kuja kuona kumetokea nini. Mama yake Eddie alikuwa ameshika kona ya leso yake, anaivuta, anaivuta. Githinji, kwa mara ya kwanza, alisinzia kwa hofu ya kweli.

Kisha mabega ya Ngendo yakashuka kidogo. Kidogo tu. Nikaiona stachi ikimtoka.

"Amenijua nikiwa nimekasirika," akamwambia shangazi yake. "Nikiwa nimefurahi kila mtu ananijua. Kuleni."

Na ndipo akacheka. Alicheka mpaka akamshikilia Eddie koti ili asianguke, akisema maneno "karibu, mume wangu" katikati ya kicheko, na koti lote likakunjamana, na Eddie hakulinyoosha.

Kwa hivyo tulikula. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, kama mnataka kujua, na mukimo ulihitaji chumvi, lakini sikumwambia mtu isipokuwa waliokuwa meza yangu na meza zilizokuwa karibu.

Faini Tata Kui aliitangaza baada ya chakula, akijichokonoa meno. Alisema hataki mbuzi mwingine, wale waliokuja wanatosha kumtia huruma. Faini yake ni ile leso. Eddie aichukue, aitoe laini begani, amrudishie ikiwa bapa. Na mpaka atakapoitoa, awe anampigia pasi nguo zake za kanisa kila wiki, kwa kuwa sasa wamekuwa watu wa nyumba moja. Eddie akakubali haraka, akicheka. Laini moja ni kitu gani kwa mtu kama yeye?

Basi hiyo leso iko hapa Landless mpaka leo. Ameiloweka, ameifua, ameipiga pasi kwa mvuke, ameipiga juu ya kitambaa chenye siki, Falguni wa Section Nine amemtumia dawa fulani ya kutoa mikunjo ya hariri. Laini haijasonga. Uji wa mhogo, mkono wa Eddie na pasi ya makaa vilikutana siku ile kwa nguvu zote, na alichokiandika kimeandikika. Kila Ijumaa boda inafika na mfuko wa Tata Kui, magauni ya kitenge ya wiki nzima, na kila Jumamosi mama huyo anapiga simu kuulizia leso yake kwa upole ambao haujawahi kusikika Mwihoko. Benta anaamini anaomba usiku na mchana laini ile isitoke.

Ngendo amehamia. Pazia limesogezwa, kitanda kimepata nafasi, kampuni imepungua. Ni mtu mzuri, hana dharau, anatupatia chai. Lakini sitaficha, kuna jambo moja alilotutendea ambalo benchi haijalisahau. Mwezi wake wa kwanza tu, alimnunulia Eddie zile waya za masikioni. Sasa simu inaingia, Eddie anapachika sikio, mikono inaendelea na pasi, na sisi tunabaki na upande mmoja wa mazungumzo, kama watu wanaokula ugali bila mboga.

Jana alikuwa anamalizia kola ya mtu. Simu ikaita. Akasikiliza muda mrefu, pasi imesimama hewani. Benta aliacha kutafuna. Githinji akafungua jicho.

"Sawa," akasema Eddie.

Akaiweka simu, akarudi kwenye kola. Tulikaa pale mpaka jua likahamia ukuta wa pili, tukibishana ilikuwa sawa ya aina gani, na ameijifunza kwa nani.